Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Barabara Mombasa: "Alivuka Vibaya" Si Uchunguzi

Kwa Waheshimiwa,
Wakuu wa mamlaka za barabara mnaohudumu Pwani,
Wakuu wa polisi wa trafiki, Mombasa,
Wasimamizi wa uchukuzi katika serikali ya kaunti.

MINT: WAENDA KWA MIGUU WANAOGONGWA NA MAGARI, NA UCHUNGUZI UNAOISHIA NJIANI

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kwa heshima na taadhima. Tunaandika hadharani kwa sababu barua tulizoleta kwa mkono zilipigwa muhuri wa kupokelewa, zikakwama hapo. Sisi ni wakazi na wasaidizi wa kisheria wa mitaani. Kazi yetu ni kuziongoza familia baada ya ajali, tangu kitabu cha OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi, hadi mlango wa mahakama. Hatutaji kituo wala ofisi yoyote. Hatukuja kumwaibisha mtu, tumekuja kuomba kazi ifanywe.

Mtu akigongwa na gari katika mji huu, neno la kwanza kusikika ni "alivuka vibaya". Mara nyingi huwa ndilo la mwisho pia. Likishatamkwa, hakuna anayepima lami, hakuna anayeuliza mwendo wa gari, hakuna anayetazama kama hapo mahali palikuwa na njia ya kuvuka vizuri. Malalamiko yetu ni haya.

1. Mwendo unakisiwa, haupimwi

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, imeweka kilomita 50 kwa saa kuwa kikomo ndani ya mji. Dereva akimwona mtu mbele yake, huchukua kama sekunde moja kabla mguu haujakanyaga breki. Kwa mwendo wa 50, sekunde hiyo peke yake inakula mita 14, na breki nzima kwenye lami kavu zinakula mita 14 nyingine: jumla 28. Kwa mwendo wa 80, ni mita 22 kabla ya breki kushika na mita 35 baada yake: jumla 57.

Chukueni magari mawili yanayokwenda sambamba, moja kwa 50 na jingine kwa 80, na mtoto amesimama mita 29 mbele. La kwanza linasimama mbele ya miguu yake. La pili, hapo hapo alipo mtoto, ndiyo kwanza limeanza kupunguza. Bado linakwenda zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Mtoto wa gari la kwanza anarudi nyumbani akitetemeka. Wa gari la pili anarudishwa kwa machela. Masika yakinyesha, na tairi zikiwa kipara, hata lile la kilomita 50 linahitaji mita 24 za breki badala ya 14.

Mwendo huo unaweza kujulikana baadaye. Alama ya tairi yenye urefu wa mita 30 kwenye lami kavu inaonyesha gari lilikuwa likikimbia zaidi ya kilomita 70 kwa saa magurudumu yalipofunga. Hesabu yenyewe inataka tepu ya kupimia na kikokotoo cha simu. Magari yenye breki za ABS, zisizoacha magurudumu yafunge, huacha alama hafifu, na hizo ndizo zinazotaka kuwahiwa zaidi. Lakini tunapoomba mchoro wa ajali, tunapewa mchoro wenye mshale na msalaba, bila kipimo hata kimoja.

2. Barabara imejengwa bila hesabu ya miguu

Barabara kuu ya njia nne ina upana wa mita 14 hivi, ukihesabu mita tatu na nusu kwa kila njia. Mtu mzima mwenye afya hutembea mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo atavuka kwa sekunde 12. Bibi anayetoka sokoni Kongowea na mzigo kichwani hutembea mita 0.8 na atatumia zaidi ya sekunde 17. Katika sekunde 12, gari la kilomita 80 linakula mita 266. Maana yake, kabla ya kuteremsha mguu kutoka ukingoni, mtu huyo anatakiwa akisie sawasawa mwendo wa gari lililo robo kilomita kutoka kwake, na wakati huo huo akisie magari ya upande wa pili. Hakuna jicho la binadamu linaloweza hivyo. Mkimwekea kisiwa cha katikati, anavuka mita saba tu kwa mara moja, kwa sekunde sita, akiangalia upande mmoja. Ni zege kidogo na vigingi viwili.

Zebra iliyochorwa kwa rangi ya kawaida hufifia upesi chini ya magurudumu ya trela. Inayodumu ni rangi ya plastiki inayoyeyushwa kwa moto na kunyunyiziwa chembe za kioo, ili ing'ae taa zinapoipiga usiku. Na zebra isiyo na tuta kwenye barabara ya kasi inamdanganya anayevuka, kwa sababu yeye anaamini amelindwa na dereva hana cha kumpunguza. Tuta la juu bapa, kimo cha sentimita 7.5 hadi 10, lenye miteremko mirefu, linampunguza dereva bila kulivunja gari wala kumwaga mzigo wa lori.

Kuna kosa moja dogo la ujenzi ambalo tunalikuta tena na tena. Steji inawekwa kabla ya zebra. Matatu inasimama, makanga anaita abiria, na mtu anavuka kupitia mbele ya matatu hiyo. Dereva anayekuja nyuma anaona matatu, haoni mtu. Anayevuka anaona nafasi, haoni gari. Wanakutana kwenye njia ya pili, wote wawili wakiwa hawakuonana hata nukta moja. Hamisheni steji mita 20 baada ya zebra na kivuli hicho kinaondoka, kwa sababu mtu atavukia nyuma ya matatu, mahali ambapo dereva anamwona.

3. Giza, na malori yaliyoegeshwa

Kwa taa za chini, mtu aliyevaa nguo nyeusi huonekana akiwa umbali wa takriban mita 25 hadi 30. Rudini kwenye hesabu ya juu: gari la kilomita 50 linahitaji 28, la 80 linahitaji 57. Dereva anayekwenda 80 kwa taa za chini kwenye barabara isiyo na taa amekwisha kumgonga mtu kabla ya kumwona. Kilichobaki ni mtu huyo kutokea. Huyo hawezi kujitetea kwa kusema "alinitokea ghafla". Wajibu wa dereva ni kwenda mwendo utakaomwezesha kusimama ndani ya umbali anaouona.

Kati ya Changamwe, Jomvu na Miritini, malori ya makontena huegeshwa ukingoni, na anayetembea hulazimika kushuka kwenye lami. Akitokea kati ya trela mbili, hakuna anayemwona. Hata dereva wa lori linaloondoka hamwoni mtu aliyesimama mbele kabisa ya bampa, kwa sababu kiti chake kiko juu mno. Taniboi anapaswa kushuka na kutazama kabla gari halijaondoka. Marekebisho ya mwaka 2012 ya Sheria ya Trafiki yalifanya kuendesha gari juu ya njia ya waenda kwa miguu kuwa kosa. Sheria hiyo isomwe pia na wale wanaozigeuza njia hizo kuwa maegesho na mahali pa kumwaga mchanga wa ujenzi.

4. Ushahidi unafutika kabla ya jua kuchwa

Hapa ndipo panapotuuma kuliko pote, kwa sababu hapahitaji bajeti kubwa.

Gari linapompiga mtu, udongo mkavu ulioganda chini yake hudondoka hapo hapo. Kijirundo hicho cha udongo, pamoja na kandambili iliyomtoka mtu mguuni na magamba ya taa, ndicho kinachoonyesha mahali hasa mtu alipogongwa: kwenye zebra, mita tano kando yake, au nje kabisa ya lami. Ufagio wa kwanza unakiondoa. Gari la tatu linalopita linakitawanya. Baadaye kinachobaki ni neno la dereva dhidi ya maiti.

Ofisa anayefika anahitaji vitu vinne: tepu ya mita 50, kopo la rangi ya kunyunyizia, simu yenye kamera na fomu moja. Kwanza apige alama chini ya magurudumu yote kabla gari halijasogezwa. Kisha achague kitu kisichohama, kama mlingoti wa taa au kona ya kalvati, na apimie kutoka hapo hadi kwenye udongo uliodondoka, hadi mahali mtu alipoangukia, na mwanzo na mwisho wa kila alama ya tairi. Aandike upana wa lami, hali ya zebra, kibao cha mwendo kama kipo, na kama taa ya barabarani ilikuwa ikiwaka. Apige picha kwa kimo cha jicho la dereva, akirudi nyuma mita 30 na tena mita 60.

Gari nalo linasema. Bonyeo likiwa katikati ya bampa, mtu alikwisha ingia kwenye njia na huenda dereva alikuwa na nafasi ya kumwona. Likiwa kwenye kioo cha pembeni au ubavuni, huenda mtu aliingia ubavuni mwa gari, au gari lilimfuata ukingoni alikokuwa akitembea. Kioo cha mbele kilichovunjwa na kichwa kinazungumzia kasi. Kwa hiyo ukaguzi wa breki, tairi na taa ufanywe kabla gari halijaoshwa wala kupelekwa gereji. Tumeona ripoti za ukaguzi zilizofanywa baada ya bampa mpya kufungwa. Ripoti ya namna hiyo inakagua fundi wa gereji, haikagui ajali.

Kamera za maduka na za magari hufuta rekodi zenyewe, nyingine ndani ya wiki moja. Barua ya polisi ya kuomba rekodi ihifadhiwe iandikwe siku hiyo hiyo.

Kwa madereva: kifungu cha 73 cha Sheria ya Trafiki kinakutaka usimame, utoe jina na namba, na uripoti polisi ndani ya saa 24. Ukihofia umati, nenda moja kwa moja kituo kilicho karibu. Hofu haiondoi wajibu wa kuripoti. Kwa wapita njia: namba ya gari iandikwe kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu bila namba hakuna mwenye gari wala bima ya kudai.

5. Maziko ya siku moja

Waislamu wa mji huu huzika siku hiyo hiyo, na familia nyingi hazitaki maiti apasuliwe. Hilo tunaliheshimu na ninyi mnaliheshimu. Lakini miezi baadaye wakili wa dereva anasimama mahakamani na kuuliza: nani alithibitisha kwamba marehemu alikufa kwa majeraha ya ajali hii? Hapo kesi ya kusababisha kifo inalegea. Dawa yake ni daktari wa serikali autazame mwili kwa nje, apige eksirei panapohitajika, aambatanishe rekodi za hospitali, na atie saini ripoti kabla ya kibali cha maziko kutolewa. Ni kazi ya saa chache, na janaza haikosi wakati wake. Inakosekana kwa sababu familia haiambiwi, na saa kumi jioni daktari haonekani.

6. Lawama hugawanywa

Anayetembea ana wajibu wake, nasi hatuufichi. Atumie kivuko kilichopo, atazame kulia kwanza kwa kuwa magari yetu hushika kushoto, asivuke akiwa na spika masikioni, na pasipo na njia ya miguu atembee akielekeana na magari yanayokuja. Akikosea, sheria inampunguzia fidia. Haimfutii.

Mashtaka ya jinai huangalia dereva alivyoendesha. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki, kusababisha kifo kwa uendeshaji hatari, kina kifungo cha hadi miaka 10. Kifungu cha 49 kinahusu uendeshaji usio na uangalifu. Huko ni lazima kuthibitisha bila shaka yoyote ya maana. Kesi ya madai ni nyingine: mahakama hupima ni upande upi una uzito zaidi, kisha hugawa lawama kwa asilimia. Hasara ikiwa shilingi 1,000,000 na marehemu akaonekana amechangia asilimia 30, familia inapata 700,000. Mtoto mdogo hatarajiwi kuwa na tahadhari ya mtu mzima. Dereva akiachiliwa katika kesi ya jinai, madai hayafi, na akitiwa hatiani, bado mwenda kwa miguu anaweza kubeba sehemu yake. Mwenye gari naye huitikia kwa kosa la dereva aliyemtuma, na jina lililoandikishwa huchukuliwa kuwa la mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Kwa hiyo ofisa anapomwambia mjane "mume wako ndiye mwenye makosa, hakuna kesi", amejipa kazi ya hakimu. Na zile karatasi zinazotiwa saini kituoni, dereva akitoa pesa za sanda na nauli ya kusafirisha maiti, hazifuti mashtaka. Kifungu cha 157 cha Katiba kimempa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma uamuzi wa kushtaki. Dawati la kituo halina uamuzi huo.

7. Karatasi zinachelewa, muda hauchelewi

Madai ya ajali yana miaka mitatu. Madai dhidi ya Serikali, kwa mfano kwa barabara iliyoachwa na shimo au bila alama, yana miezi 12 tu. Kila wiki ambayo familia inaambiwa "njoo Jumatatu" kwa ajili ya abstrakti, yaani muhtasari wa ajali unaotolewa na polisi, inakatwa kwenye muda huo. Fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha, hutolewa bure na polisi. Aliyejeruhiwa aipate kabla kidonda hakijapona, ili daktari aandike anachokiona. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kwa kila gari chini ya sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, tuktuk na bodaboda zikiwemo, na kiwango cha juu inachobeba kwa mtu mmoja ni shilingi milioni 3. Lakini kampuni ya bima ikikosa taarifa ya kesi kwa wakati, ina njia ya kukwepa. Jina la kampuni na namba ya hati ya bima vimo kwenye abstrakti. Bila karatasi hiyo, familia haijui imwandikie nani.

Waheshimiwa, tunajua majibu mtakayotupa, kwa kuwa baadhi tumeshapewa kwa mdomo.

Mtasema watu wana daraja la juu na hawalitumii. Ili magari makubwa yapite chini, daraja linahitaji kimo cha mita tano na nusu. Ukiongeza unene wake, mtu anapanda kama mita 6. Kwa ngazi za sentimita 15 ni vidato 40 kupanda na 40 kushuka. Kwa mteremko wa kiti cha magurudumu, ni mita 72 kila upande, ili tu kuvuka mita 14. Mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo mkononi anaifanya hesabu hiyo kwa miguu yake kila siku. Mtasema barabara fulani si yenu. Ndiyo: barabara kuu ni za taifa, na Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti barabara zake, taa za mitaani, trafiki na maegesho. Lakini mtu anayevuka kutoka mtaa wa kaunti kwenda steji ya barabara ya taifa hufa kwenye mpaka wenu, na mpaka huo ndio hauna mwenyewe. Kaeni pamoja muuandike. Mtasema matuta yanaleta foleni. Foleni ya mahali watu wanapovuka inajulikana, nayo inavumilika. Mtasema bajeti. Tepu, kopo la rangi na fomu havingojei bajeti ya mwaka ujao.

Tunaomba basi:

(a) Ndani ya siku 7, kila kituo chenye dawati la trafiki kiwe na vifaa vinne tulivyovitaja, na kila ajali yenye kifo au jeraha kubwa iwe na mchoro wenye vipimo.

(b) Ndani ya siku 14, utaratibu wa daktari wa zamu kwa maiti wa ajali, jioni na siku za mapumziko, ubandikwe kituoni, hospitalini na msikitini.

(c) Abstrakti itolewe ndani ya siku 7 tangu kuombwa. Ikishindikana, sababu iandikwe na itiwe saini.

(d) Ndani ya siku 30, mtupe orodha ya mahali watu walipogongwa katika miezi 36 iliyopita hapa Mombasa kwenye Barabara ya Nairobi, ya Malindi na ya Likoni, ikionyesha saa, hali ya taa, umbali hadi zebra, na nani anasimamia kipande hicho.

(e) Ndani ya siku 90, mahali 10 pabaya zaidi katika orodha hiyo pawe na tuta bapa, kisiwa cha katikati, taa inayowaka, na steji iliyohamishwa. Tunaanza na mahali 10 ili msiseme tumeomba kila kitu.

Ombi (d) tunaliwasilisha pia chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayotaka jibu ndani ya siku 21. Tusipojibiwa, tutalipeleka kwa Tume ya Haki ya Utawala, na maombi mengine tutayapeleka kwenye Bunge la Kaunti kwa njia ya malalamiko rasmi ya wananchi.

Kabla ya hayo, tunawaalika mtembee nasi jioni moja, saa kumi na mbili na nusu, kutoka Changamwe hadi Jomvu, bila gari la king'ora. Tepu tutakuja nayo sisi.

Wenu kwa heshima,

Wakazi na wasaidizi wa kisheria wa mitaani,
Mombasa.